Ulinganishi Usio na Swali: Tasnifu za Fasihi na Dhima ya Msimamizi

Miongoni mwa anwani za utafiti zinazopendwa na wanafunzi wa fasihi katika idara zetu za Kiswahili ni zile zinazoanza kwa neno "ulinganishi". Mwanafunzi huchukua riwaya mbili, akazisoma sambamba, akaandika tasnifu. Msimamizi huipokea, huisahihisha, na aghalabu huipitisha. Makala haya yananuia kuihakiki kazi ya namna hii, na kudai kwamba udhaifu wake mkubwa hautokani na uvivu wa mwanafunzi. Unatokana na jambo ambalo msimamizi hakulidai tangu awali, nalo ni swali.

Tuanze na umbo la tasnifu hizo. Sura ya kwanza ni utangulizi. Ya pili ni nadharia. Ya tatu huchambua kitabu cha kwanza. Ya nne huchambua cha pili. Ulinganishi wenyewe, ambao ndio uliotajwa katika anwani, huachiwa kurasa chache za mwisho, na huko hugeuka orodha: waandishi wote wawili wanafanana katika hili, wanatofautiana katika lile. Mwaka 1958, katika mkutano wa Chapel Hill huko Marekani, René Wellek alilalamikia ulinganishi wa fasihi uliokuwa umegeuka daftari la mikopo na madeni baina ya mataifa. Maradhi yetu ni ya namna nyingine, lakini ni ya ukoo huo huo. Daftari letu ni la kufanana na kutofautiana, na mwenye kulijaza haulizwi linathibitisha nini.

Ili hoja hii isielee hewani, tuchukue mfano wa riwaya mbili zinazojulikana na kila mwanafunzi wetu: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Ni rahisi kuziweka pamoja. Zakaria anamlea Rosa kwa kiboko na kumzuia asizoeane na wavulana. Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna nyumbani asiuone ulimwengu. Mabinti wote wawili, wakishatoka katika himaya ya baba, wanatumbukia katika maisha ya anasa yanayowadhalilisha. Tasnifu ya orodha hukomea hapo na kuhitimisha kwamba waandishi wote wawili wanashutumu malezi ya ukali uliopita kiasi. Hitimisho hilo si uongo. Lakini mtu angeweza kulifikia kwa kusoma riwaya moja tu. Hiyo ya pili imeongeza nini, zaidi ya kurasa?

Sasa tuingize swali. Rosa anajiua. Maimuna anapita katika danguro la Mama Jeni, na hata hivyo anaishi, anarudi, anaolewa na Kabi. Ikiwa chanzo ni kimoja na miisho ni miwili, basi chanzo hicho peke yake hakitoshi kueleza mwisho wowote kati ya hiyo miwili. Ukali wa baba unaeleza kwa nini binti hakujiandaa kwa ulimwengu. Hauelezi kwa nini mmoja aangamie na mwingine aokoke. Hapo ndipo ulinganishi unapoanza kufanya kazi yake, kwa sababu unamlazimu mhakiki kutafuta mahali pengine. Akitafuta, ataona kwamba Rosa anafunguliwa mlango na shule, na katika taasisi hizo za elimu yu peke yake mbele ya wanaume wenye madaraka. Maimuna anafunguliwa mlango na wanawake, akiwemo Bi Farashuu mwenye kisasi chake na Maksuudi. Wanawake hao hawana usafi wa malaika, lakini wanaunda jamii inayomzunguka. Ataona pia kwamba Charles anamtaka Rosa awe bikira, na asipompata hivyo anamwacha. Kabi anamwoa Maimuna pamoja na historia yake. Kwa hiyo lawama, ambayo kila riwaya ikisomwa pekee inaelekea kumwangukia baba, inamhusu pia mchumba, na jamii iliyompa mchumba mizani hiyo. Hili halikuwa dhahiri katika kitabu kimoja. Limezaliwa baina ya vitabu viwili.

Hapa dhima ya msimamizi inajitokeza waziwazi. Fasiri ya "malezi mabaya" imo katika miongozo na katika mihadhara. Yawezekana kabisa kwamba msimamizi mwenyewe ndiye aliyeifundisha. Mwanafunzi anayeirudia huonekana ana adabu ya kitaaluma. Anayeipinga kwa ushahidi wa matini huonekana mtovu wa adabu. Iwapo msimamizi hayuko tayari kuona mhadhara wake ukitenguliwa na tasnifu anayoisimamia, basi uhusiano wao ni wa imla, na wala hauwezi kuitwa utafiti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tukizidi kuzisifu orodha, tutaletewa orodha.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi mchanga hana budi kuanza kwa kuorodhesha. Tunakubali, mradi orodha ibaki katika daftari lake. Ni kama kuchambua mchele: kazi ya lazima, lakini mgeni haletewi ungo mezani.

Liko jambo jingine lililo zito zaidi kwetu Kenya. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zitazamwe kwa uhusiano wake na kitovu hicho. Pendekezo hilo lilikuwa, kwa hakika, wito wa ulinganishi. Wanafunzi wetu wanao utajiri wa kuuitikia: huyu ana ngano za Kijaluo, yule ana nyimbo za Kigiriama, na wote wana Kiswahili. Lakini mwanafunzi akilinganisha ngano za Kijaluo na za Kiswahili chini ya msimamizi asiyejua Kijaluo, nani atakayepima nusu ya ushahidi wake? Katika nusu hiyo mwanafunzi ndiye mwalimu, na msimamizi hana budi kulikiri hilo kwa vitendo: adai matini asilia yawekwe kando ya tafsiri, na amwalike msimamizi wa pili anayeijua lugha ile.

Mapendekezo yetu basi ni machache. Pendekezo la utafiti wa kilinganishi lisipitishwe mpaka mwanafunzi aandike, kwa sentensi moja, swali ambalo kitabu kimoja peke yake hakiwezi kulijibu. Sura zipangwe kwa kufuata vipengele vya swali hilo, ili vitabu vyote viwili vikutane katika kila sura. Na mtahini, kabla ya kuhesabu marejeleo, ajiulize: kikiondolewa kitabu kimoja, hitimisho litaanguka? Lisipoanguka, hakuna kilicholinganishwa.