Kiduha kinavyoiba kabla hakijachomoza

Katika mashamba ya mahindi na mtama ya Tarime na Serengeti, kiduha hutambulika kwa maua yake ya waridi yaliyochanua kati ya mazao yaliyodumaa. Hapo ndipo wengi hung'oa. Muundo wa mmea huu unaonyesha kwa nini palizi hiyo haiokoi mavuno ya msimu huo.

Tuanze na mbegu. Ni vumbi tupu, haifiki hata nusu milimita, na akiba yake ya chakula inatosha siku chache tu baada ya kuota. Kwa hiyo haioti ovyo. Hulala udongoni hata zaidi ya miaka 10, hadi mvua iiloweshe na mzizi wa jirani utoe kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mahindi huzitoa kwa shughuli nyingine kabisa: kuita kuvu wanaoyasaidia kupata fosforasi. Udongo ukipungukiwa fosforasi, wito huongezeka, na kiduha kinausikia.

Kimzizi cha kiduha kikigusa mzizi wa hindi, ncha yake huvimba ikawa kinyonyeo, kikapenya hadi kwenye zailemu, mirija inayopandisha maji na madini. Kwa wiki kadhaa kiduha huishi gizani, cheupe, kwa jasho la hindi. Kikichomoza hupata majani ya kijani na kujitengenezea chakula kiasi, lakini hakiachi kunyonya. Vitundu vya hewa vya majani yake havifungi upesi wakati wa ukame, hivyo maji huendelea kuvutwa kwake huku hindi likinyauka.

Ua nalo lina kazi yake. Aina iliyoenea Kanda ya Ziwa, Striga hermonthica, haijichavushi. Rangi ile ni ya kuita wadudu. Shina moja likichavushwa huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu. Kung'oa kabla vitumba havijakauka, basi, ni kuokoa misimu ijayo.

Wito huohuo unaweza kugeuzwa mtego. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitangaza kupata strigoli, mojawapo ya strigolaktoni, kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulinyonya. Mbegu huamka, hukosa pa kushika, hufa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde uliofanyiwa utafiti na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, Kenya, huamsha mbegu, huzuia vimizizi visikue, na huongeza naitrojeni.

Mkulima wa Serengeti anayezungusha pamba na mahindi, akaweka samadi na kung'oa kiduha mapema, anapunguza mbegu, wito na warithi kwa pamoja.