Injini Iwe ya Mwisho: Kuchagua Maboresho ya Pontiac GTO ya Wazi

Anayenunua Pontiac GTO ya turubai ya kati ya mwaka 1964 na 1967 kwa kawaida hufungua boneti kwanza, na fedha zake nyingi huishia humo. Historia ya gari lenyewe inaonyesha kwamba zimeanzia pasipo pake. Mwaka 1964 General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani iliyozuia magari yake ya ukubwa wa kati kufungwa injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Pontiac, ambayo mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, iliikwepa kanuni hiyo kwa kuiuza injini ya inchi 389, lita 6.4, kama nyongeza ya hiari juu ya Tempest LeMans. Gari likapata nguvu za farasi 325 kwa kabureta moja, au 348 kwa kabureta tatu, lakini breki zikabaki drami za inchi 9.5 kwenye magurudumu yote manne. Liliundwa likiwa na nguvu nyingi kuliko uwezo wake wa kuzidhibiti. Ndiyo maana kila kipuri kinachonadiwa kwa ajili yake nakipima kwa swali moja: kinatibu upungufu ambao gari hili linao kweli, au kinaongeza kitu ambacho halijawahi kukikosa?

Upungufu wa kwanza unatokana na kukosa paa. Debe lililokatwa juu unaweza kulipinda kwa mikono miwili, na bodi ya gari hufuata sheria hiyohiyo. Kiwanda kilijua. Chasi ya GTO yenye paa la bati ina reli za pembeni zenye umbo la C, upande mmoja ukiwa wazi, ilhali ya gari la wazi reli zake zimefungwa pande zote nne. Ni chasi nzuri, ila hapohapo ndipo ugonjwa wake mkubwa ulipo: maji na matope yakishaingia ndani ya reli iliyofungwa hayatoki kwa urahisi, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Gongagonga reli kwa nyundo ndogo, hasa karibu na magurudumu ya nyuma, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika kutoka mlio mkali hadi mfifio. Kisha fanya jaribio la mlango. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote, funga mlango na utazame uwazi ulio kati ya ukingo wake wa nyuma na bodi. Weka jeki chini ya chasi kwenye pembe moja ya mbele, inua polepole, na usiondoe macho kwenye uwazi ule. Kubadilika kidogo hakuepukiki. Ukiona umebana upande wa juu na kutanuka chini, au mlango ukawa mgumu kufunguka, basi chasi imechoka au bushi za mpira zilizo kati ya chasi na bodi zimekwisha. Bushi hizo ni kipuri cha bei ndogo ambacho hakuna anayejivunia kukinunua, na hakuna kinacholibadilisha gari hili zaidi kuliko seti mpya iliyokazwa ipasavyo. Mtikisiko wa kioo cha mbele unaodhaniwa kuwa wa shokomzoba mara nyingi hutoka hapo. Sasupensheni ya bei mbaya ikifungwa juu ya chasi inayojipinda haina pa kuegemea: springi inakuwa chasi yenyewe.

Breki zinafuata, na kwangu hazina mjadala. Kiwanda chenyewe kilikubali kasoro yake mwaka 1967 kilipoanza kutoa breki za diski za mbele kwa hiari, pamoja na mastasilinda yenye njia mbili ili mpira mmoja ukipasuka gari lisibaki bila breki kabisa. Kit bora ni ile inayokuja na vyote viwili, pamoja na vali ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukiuziwa diski na kalipa peke yake, umeuziwa nusu ya kazi. Uliza pia kama diski hizo zinaingia ndani ya rimu ya inchi 14, maana nyingine zitakulazimu kuhamia inchi 15. Kuhamia huko si hasara, kwa kuwa tairi nzuri za radiali hupatikana kwa wingi zaidi katika saizi hiyo, na tairi hizo pekee zinalifanya gari lijibu usukani vizuri kuliko zile za nyuzi za mshazari lililotoka nazo kiwandani. Rimu kubwa za inchi 18 sizipendekezi kwa gari la wazi: ukuta wa tairi ukiwa mfupi, kila shimo la barabarani hupigwa moja kwa moja kwenye bodi ambayo tayari ina udhaifu wa kutikisika.

Kwenye sasupensheni ndiko wanunuzi hudanganyika zaidi, kwa sababu vipuri vinavyong'aa ni vingi na ubora wake hauonekani kwa macho. Kasoro ya mbele ya GTO ni ya kijiometri. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje huegemea nje badala ya kusimama wima au kuegemea ndani, hivyo linapoteza mshiko wakati linapouhitaji zaidi. Kukaza springi hakuondoi kasoro hiyo. Kunaipunguza tu kwa kulizuia gari kulala. Tiba yenyewe ni boli jointi ndefu zaidi ya juu, au mkono mpya wa juu uliopimwa kwa ajili hiyo. Njia nyingine iliyopata umaarufu ni kufunga stabu za magari makubwa ya General Motors ya miaka ya 1970, ambazo ni ndefu na hupatikana kwa bei nafuu. Zinarekebisha mlalo wa tairi, lakini huleta tatizo jipya: gurudumu likipanda na kushuka, hugeuka lenyewe bila usukani kuguswa. Mwuzaji mzuri atakuonyesha kipimo cha mgeuko huo kwa kila sentimita gurudumu linapopanda. Asiye nacho atakuonyesha rangi.

Nyuma, mikono minne hushika ekseli, na miwili ya juu imewekwa kwa mshazari. Gari likilala, bushi zake hulazimika kujipinda. Ukiweka bushi ngumu za poliyurethani kila mahali, kama katalogi nyingi zinavyoshauri, mikono hugoma kujipinda, mshiko hukatika ghafla, na mkia wa gari huchomoka katikati ya kona. Hapa mpira mpya, au jointi ya duara inayozunguka, ni bora kuliko kitu kigumu. Oldsmobile, kampuni dada iliyotumia chasi ya familia hiyohiyo, ilionyesha njia katika 442 ya mwaka 1964: iliongeza stebilaiza ya nyuma na kuifunga mikono ya chini pande zote ili ibebe mzigo huo. Stebilaiza ya nyuma ikifungwa kwenye mikono iliyo wazi huipinda, kwa hiyo viwili hivyo vinunuliwe pamoja.

Wapo watakaosema kwamba mvuto wa GTO ni injini, na kuiweka mwisho ni kulinyima gari roho yake. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba injini huathiri kila kitu kinachoizunguka. Kamshafti kali hupunguza mvuto wa hewa kwenye manifoldi, na mvuto huo ndio unaoisaidia breki yenye sevo. Aliyeongeza farasi kwa njia hiyo hujikuta na pedali ngumu mguuni. Mgandamizo wa 10.75 kwa 1 wa mwaka 1964 ulitegemea petroli yenye risasi, ambayo vituo havina tena, na kuongeza nguvu juu ya hapo ni kuialika injini igonge. Wengine hutetea uasilia, na kwao nina heshima kubwa. Lakini karibu yote niliyoyataja hufungwa kwa bolti bila kukata chuma, na vipuri vya asili vinaweza kuhifadhiwa. Nisichokiunga mkono ni giaboksi ya gia tano inayodai sakafu ikatwe, hasa kwenye gari la wazi, ambalo sakafu yake inafanya kazi ambayo ilipaswa kugawana na paa. Na anayesema kwamba gari la turubai ni la kutembelea taratibu akumbuke kwamba lina zaidi ya kilo 1,500, na mtoto anayekatiza barabara haangalii kama dereva alikuwa akitembea tu.

Chasi ikishakuwa imara, breki zikashika na kona zikakatika bila hofu, injini ipate haki yake. Kwenye injini hiyo ningeanza na rejeta bora na mfumo mzuri wa kuwasha, kisha zile kabureta tatu za Rochester, ambazo baada ya mwaka 1966 Pontiac haikuzifunga tena. Zikisetiwa na fundi anayezijua, ya katikati hufanya kazi peke yake kwenye mwendo wa kawaida, na mbili za pembeni hufunguka unapokanyaga pedali zaidi.