Jicho Kabla ya Dawa

Ustadi wa mkulima wa machungwa wa Muheza watu huupima siku ya mavuno. Mimi naupima mapema zaidi, pale anapogeuza jani changa na kuchungulia upande wa chini. Jani likijikunja na kunata, sisimizi wakipanda na kushuka shinani, asiyejua kazi hukimbilia bomba la dawa. Fundi huangalia kwanza ni nani waliomo. Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hufyonza utomvu wa machipukizi machanga. Jike huzaa watoto hai bila dume, na kwenye joto watoto hao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Lakini majani yakikomaa, chakula kimekwisha, nao huota mabawa wakahama. Humohumo kundini fundi huona kidukari aliyevimba, mkavu, wa rangi ya udongo: huyo ni ganda tu, ameliwa na mtoto wa nyigu wa milimita 2 hivi. Dawa kali huwaua nyigu hao pia, na anayezaa upesi ndiye anayerudi wa kwanza. (Sisimizi waitwao maji moto ni kesi ngumu: huwinda waharibifu wengi, ila huwalinda vidukari wanaowapa utamu. Siwahukumu kwa jumla.)

Mwenye deni atauliza nani wa kungoja nyigu wafanye kazi yao. Swali ni la haki, lakini mchungwa mkubwa huvumilia majani machache yaliyojikunja, na ukungu mweusi kama masizi huota juu ya utamu unaomwagwa na vidukari, hauingii ndani ya jani. Kitaluni ni tofauti. Mche mdogo hauna akiba, na maji ya sabuni yanayofika chini ya majani yana nafasi yake. Hoja nzito zaidi ni virusi vya tristeza, vilivyoua mamilioni ya michungwa ya Brazili iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Mwaka 1946, huko São Paulo, mtafiti Meneghini alithibitisha kwamba kidukari ndiye mchukuzi. Je, si bora kupiga dawa kila wiki? La, kwa sababu kidukari anayeingia na virusi huweza kuambukiza kwa dakika chache, kabla dawa nyingi hazijamwangusha. Kilichookoa mashamba hasa ni kuacha shina la mdanzi; kutafuta vikonyo safi nako husaidia. Kwa hiyo anayenunua mche na aulize ulibebeshwa juu ya shina gani, na kikonyo kilikatwa kwenye mti upi.