Kishikwambi Kiandike, Kompyuta Ionyeshe

Sensa ya Agosti 23, 2022 ndiyo ya kwanza nchini Tanzania kukusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Ilihesabu watu 61,741,120, na ilipokwisha vifaa vile vikaelekezwa kwenye elimu, vikagawiwa walimu. Leo kishikwambi ni kitu cha kawaida kwenye mkoba wa mwalimu wa Mwanza: kinabeba silabasi, vitabu vya kiada na mitihani ya miaka iliyopita. Iko kazi moja kinayoiweza ila hakipewi, nayo ni kuwa kalamu ya kompyuta nyingine.

Kazi hiyo nimeijaribu katika chumba cha tuisheni Mabatini, kata iliyobanana kwenye vilima vya mawe jijini. Vifaa vilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba inayotumia Linux, projekta, na kishikwambi cha Android chenye kioo cha inchi 10. Lengo lilikuwa mwalimu wa hisabati aandike kwa mkono na maandishi yaonekane ukutani. Mausi haiwezi kazi hiyo. Anayebisha achore nayo alama ya kipeuo cha pili, kisha aweke sehemu ndani yake. Na chini ya paa la bati, mvua ikianza kupiga, sauti ya mwalimu haivuki dawati la tatu. Wakati huo kinachofundisha ni kile kilichoandikwa.

Wengi wanaoanza hukimbilia kurusha picha ya kompyuta kwenye kishikwambi, kisha hulalamika kwamba kila kitu kinachelewa. Uchambuzi huu una hoja moja: zinazopaswa kutangulia ni nukta za kalamu. Picha ni msaidizi tu, na inatosha hata ikija polepole.

Safari ya nukta moja

Kioo cha kishikwambi huhisi badiliko la chaji pale kitu kinachopitisha umeme kinapokigusa, iwe kidole au kalamu ya ncha ya mpira inayouzwa kwenye maduka ya simu. Android hupima mahali pa mguso na kumpa kivinjari namba mbili, ya mlalo na ya wima. Kivinjari huzituma kwenye kompyuta kwa mtandao wa ndani. Huko, programu inayozisubiri huzikabidhi kwenye sehemu ya Linux iitwayo uinput, ambayo kazi yake ni kuunda kifaa cha kubuni. Kuanzia hapo kompyuta haijui kwamba kuna kishikwambi. Inachokiona ni kifaa cha kugusa kilichochomekwa kwake.

Programu niliyoitumia ni Weylus, ya bure na ya chanzo huria. Inawekwa kwenye kompyuta peke yake. Kwenye kishikwambi unafungua kivinjari, unaandika anwani ya kompyuta na mlango namba 1701, basi. Hili lina uzito kwetu, maana kishikwambi alichokabidhiwa mwalimu ni mali ya serikali, na si busara kukijaza programu za majaribio. Iko njia nyingine, GfxTablet, lakini hiyo inadai apu iwekwe kwenye kishikwambi chenyewe.

Upande wa kuandikia nilichagua Xournal++, nayo ya bure. Inafungua faili la PDF na kukuruhusu kuandika juu yake. Mtihani wa zamani unafunguliwa, swali linakokotolewa palepale mbele ya wanafunzi, na ukurasa uliojaa hesabu unahifadhiwa kama PDF na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ziko hatua mbili zinazokwamisha watu. Kwanza, mtumiaji wa kompyuta lazima apewe ruhusa ya kuitumia uinput, la sivyo Weylus itafunguka vizuri lakini hakuna kitakachoandikwa. Pili, ndani ya Xournal++ inabidi kuruhusu kuchora kwa mguso, kwa sababu bila hivyo programu huchukulia kidole kama kitu cha kusogezea ukurasa.

Kwa nini nukta ni nyepesi

Tupige hesabu. Kwenye Linux ya biti 64, taarifa moja ya kifaa cha kuingizia ina baiti 24. Nukta moja inahitaji tatu: ya mlalo, ya wima, na ya kusema nukta imekamilika. Hizo ni baiti 72. Kalamu ikitoa nukta 100 kwa sekunde, jumla ni baiti 7,200. Kivinjari hutuma maelezo marefu zaidi ya hayo, lakini hata ukizidisha mara kumi hujafika kilobaiti 75 kwa sekunde.

Sasa tazama picha. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti tatu, fremu 30 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 187 kila sekunde kabla ya kubanwa. Ikibanwa hupungua sana, lakini kubana nako ni kazi, na inayofanya kazi hiyo ni ileile kompyuta ya mtumba inayoendesha projekta na Xournal++ kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ucheleweshaji unapozaliwa, na mwandishi anadhani kalamu ni mbovu.

Mtandao wenyewe hauhitaji bando. Nukta zinatoka kifaa kimoja kwenda kingine ndani ya chumba hichohicho. Haziendi kwenye mnara wa simu. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba hazina Wi-Fi, kwa hiyo nilitumia waya wa USB na kuwasha kwenye kishikwambi ule mpangilio wa kugawa intaneti kwa USB. Linux huutambua kama mtandao wa kawaida. Sharti ni kuzima data ya simu kwanza, vinginevyo kompyuta itaona mlango wa intaneti umefunguka na kuanza kupakua masasisho yake kwa bando la mwalimu. Waya pia huondoa misukosuko ya Wi-Fi, ila unamfunga mwalimu karibu na meza. Anayetaka kutembea kati ya madawati atafute adapta ya Wi-Fi ya USB kwa ajili ya kompyuta na atumie hotspoti.

Akitumia hotspoti aweke na msimbo wa kuingilia, ambao Weylus inauruhusu. Mwanafunzi mwenye simu aliyeunganishwa kwenye hotspoti hiyohiyo anaweza kufungua anwani ileile na kuanza kuandika ukutani. Tena mawasiliano hayo hayajafichwa, kwa hiyo nywila isiandikwe kupitia kishikwambi.

Nukta inayochelewa na nukta inayopotea

Weylus hutumia njia inayolazimisha kila nukta ifike, tena kwa mpangilio wake. Faida ni kwamba herufi haikosi kipande. Hasara inaonekana Wi-Fi inapoyumba: nukta moja ikikwama, zote za nyuma yake zinaisubiri, kama magari kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi kabla ya daraja kufunguliwa. Kisha zinaachiliwa kwa mkupuo, na mstari uliokuwa umesimama unaruka ghafla.

GfxTablet hutumia njia ya pili, ya kutuma bila kusubiri jibu. Nukta ya katikati ya mstari ikipotea hakuna atakayejua, kwa kuwa programu ya kuchorea inaunganisha iliyotangulia na inayofuata. Lakini ikipotea taarifa ya kuinua kalamu, kompyuta inaamini kalamu bado iko chini, na mstari unaburuzwa hadi mahali utakapoanzia herufi ya pili. Kwa mwandishi wa hesabu kosa hilo ni baya zaidi, maana mstari wa ziada unaweza kugeuza alama ya kutoa kuwa alama ya kujumlisha. Ndiyo maana, kwa darasa, ninapendelea njia ya foleni juu ya waya kuliko njia ya kasi juu ya hewa.

Duara lisigeuke yai

Vipimo vya kioo ni jambo linalosahaulika. Kishikwambi cha inchi 10 chenye uwiano wa 16 kwa 10 kina upana wa milimita 215 na kimo cha milimita 135 hivi. Projekta nyingi za zamani hutoa picha ya 4 kwa 3. Ukitandaza kioo chote juu ya picha yote, duara ulilolichora sawasawa litatokea ukutani likiwa limerefuka kwenda juu kwa asilimia 20. Kwa somo la jometri huo ni upotoshaji. Dawa ni kutumia milimita 180 tu za upana na kuziacha 35 bila kazi. Sehemu iliyobaki si hasara, kwani mkono unaweza kupumzika hapo.

Na mkono ni tatizo kweli. Kioo hiki hakitofautishi kiganja na kalamu; kiganja kikigusa, programu inaweza kudhani unataka kukuza ukurasa. Kitambaa kikavu kilichokunjwa chini ya mkono kinasaidia.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwingine. Mabao ya kalamu yanayouzwa kwa wachoraji, kama ya Wacom, huihisi kalamu ikiwa bado juu kidogo ya uso, na mshale husogea kwenye skrini kabla wino haujaanza. Kioo cha kishikwambi hakioni kitu mpaka kiguswe. Kwa hiyo ukiandika huku unatazama ukuta, hujui mstari utaanzia wapi. Hapa ndipo picha inapopata kazi yake halali: irushwe kwenye kishikwambi ili mwandishi aone pa kutua. Kwa kuwa kazi ni hiyo tu, fremu tano kwa sekunde zinatosha, moja ya sita ya zile 30, na kompyuta inapata nafasi ya kuhema. Mwalimu anatazama kioo anapotua kalamu na anatazama ukuta anapoandika, kwa sababu ukutani mstari unaonekana mapema kuliko kwenye kioo.

Mbinu inapokoma

Kanuni zinazoongoza vivinjari zinasema kifaa kisichopima mkandamizo kitoe 0.5 muda wote kinapoguswa, katika kipimo cha 0 hadi 1. Maana yake mstari una unene uleule ubonyeze usibonyeze. Mwalimu wa hisabati hapotezi kitu. Mchora katuni anapoteza nusu ya mkono wake, kwani mstari wake huishi kwa kunenepa na kukonda.

Huyo atafute kifaa chenye kalamu ya kweli. Samsung Galaxy Note 10.1 ya mwaka 2012 ilipima mkandamizo kwa ngazi 1,024, na thamani hiyo inaweza kupita kwenye kivinjari kwa mbinu hiihii. ThinkPad X200 Tablet, kompyuta mpakato ya kugeuza kioo, inaigawa skrini yake katika nukta 26,202 kwa 16,325, yaani mia moja kwa kila milimita, na kupima mkandamizo kwa ngazi 256. Kifaa cha aina hiyo kilichozeeka kiasi cha kushindwa kazi nzito bado kinafaa kuwa kalamu ya kompyuta mpya, kwa sababu kinachodaiwa kwake ni namba chache tu.

Kabla ya kununua chochote, mwalimu apime alichonacho kwa majaribio matatu. Achore duara kwa haraka: likitokea yai, arekebishe uwiano. Agonge nukta kumi upesiupesi: zikipungua ukutani, aangalie mipangilio ya mguso. Achore mstari mrefu kwa mwendo mmoja: ukisimama na kuruka, apunguze fremu za picha au ahamie kwenye waya. Kishikwambi kikifaulu yote matatu, bao la kalamu la dukani litamwongezea mwalimu wa hisabati mshale unaoonekana kabla ya kugusa na mkandamizo asiouhitaji, na pesa hiyo ni afadhali iende kwenye taa ya projekta.