Mwezi Mpevu Juu ya Mlima: Namna ya Kuijua Picha Njema

Ukionyeshwa picha ya mwezi mpevu umekaa juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, usianze kusifu rangi. Uliza kwanza: aliyepiga alisimama wapi? Ukiwa Moshi mjini, Kibo iko kaskazini. Ukiwa Amboseli, upande wa Kenya, Kibo iko kusini. Na huku kwetu karibu na ikweta, mwezi huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na hata ukipotoka kwenda kaskazini au kusini, hauzidi digrii 29 hivi. Kwa hiyo ile picha ya tembo wa Amboseli wakipita, mlima nyuma yao na mwezi mkubwa ukigusa barafu, haiwezekani. Mwezi haufiki pale. Mtu ameupiga mahali pengine, siku nyingine, akaubandika.

Sisemi haya ili kumuumbua mtu. Thamani yote ya picha ya aina hii imo katika jambo moja: mwezi na mlima vilikutana kweli, na mtu aliyejua vitakutana saa ngapi alikuwa amewahi kufika. Ukiliondoa hilo, linabaki pambo la kalenda.

Makutano hayo hutafutwa. Kwa Kibo, pazuri ni Sanya Juu na vijiji vya jirani, ambako mlima uko mashariki, umeelemea kidogo kaskazini. Upande huo ndio mwezi mpevu wa Desemba na Januari unakotokea, maana mwezi mpevu hukaa mkabala na jua, na miezi hiyo jua limehamia kusini. Kwa Mlima Kenya, nenda Naro Moru. Pale kilele cha Batian kiko karibu mashariki kabisa, basi misimu yake ni Machi na Septemba. Mpigaji hodari huyajua haya kama mvuvi ajuavyo bamvua, na picha yake hukuambia ni msimu gani hata kabla hujasoma maelezo.

Baada ya mahali, pima ukubwa. Gawanya umbali wa kamera hadi mlimani kwa 110. Jibu ni upana ambao mwezi utaonekana kuwa nao ukiwa kando ya kilele. Kutoka Sanya Juu hadi Kibo ni kilomita kama 34, kwa hiyo mwezi unapata mita 300 hivi. Kreta ya Kibo, ukingo hadi ukingo, inazidi kilomita mbili. Mwezi halali wa Sanya Juu basi ni kitu kidogo: ungeweza kupanga kama saba juu ya ule ubapa wa kilele. Ukiona mwezi umefunika nusu yake, mpigaji alipaswa kuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka mlimani, na kwa umbali huo vumbi na unyevu wa hewa vingeufifisha mlima. Kama kila ufa wa barafu unaonekana wazi, picha hiyo ina mashaka.

Wengi hudhani lenzi ndefu ndiyo inayoukuza mwezi. Lenzi hukuza vyote viwili kwa kiasi kimoja; kinachobadilisha uwiano ni miguu yako. Rudi nyuma, mlima utapungua na mwezi utabaki vilevile. Ndiyo maana mimi naupenda zaidi Mlima Kenya kwa kazi hii. Batian na Nelion ni vilele vyembamba, vimetengana kwa mita zisizofika 300, na kutoka Naro Moru mwezi unatosha kuvibeba vyote viwili kwa pamoja. Unapochomoza nyuma ya vilele hivyo, mwamba unachorwa juu ya duara jeupe, kila jino lake, kila ufa. Lakini mwezi hupanda upana wake mzima kwa dakika mbili tu. Aliyekosea mahali pa kusimama kwa mita mia chache hana muda wa kuhama.

Sasa mwanga, na hapa ndipo picha nyingi za kweli zinapoanguka. Mwezi mpevu hutoka karibu na saa ya jua kuzama. Ongeza nusu saa ya kuupanda mlima, na huku kwetu giza limeshaingia, kwa kuwa machweo ya ikweta ni mafupi. Matokeo yake ni mwezi ulioungua, mweupe usio na baka hata moja, juu ya mlima mweusi. Wajuzi huenda siku moja kabla. Mwezi hutangulia kwa dakika 50 hivi, na macho yetu hayatambui kwamba bado haujajaa kabisa. Unapoivuka barafu ya Kibo, jua bado linaigusa kwa rangi ya waridi, na chini ya anga hiyo unapanda ule ukanda wa buluu ya kijivu ambao ni kivuli cha dunia yenyewe. Picha yenye ukanda huo haikupatikana kwa kubahatisha.

Tazama pia vivuli vya mlimani. Mwezi mpevu ukiwa mbele, jua liko mgongoni mwa mpigaji. Mlima lazima uwe umeangazwa usoni. Mabonde yenye kivuli kizito cha upande mmoja yanakueleza kwamba mwezi ule si wa saa ile. Na mabaka ya mwezi yana mpangilio wake: ukichomoza huku kwetu, kreta ya Tycho, ile yenye miale iliyotawanyika, iko upande wa kulia, ukizama, iko kushoto. Mwezi unaochomoza na Tycho yake iko chini umepigwa Ulaya au Marekani ya Kaskazini, ukaletwa hapa kwa kompyuta.

Rangi ya mwezi usitake iwe nyeupe pee. Uso wake hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga wa jua, ni jiwe la kijivu lililoanikwa juani. Mpigapicha Mmarekani Ansel Adams alilielewa hili vizuri. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, pembeni mwa kijiji cha Hernandez huko New Mexico, alisimamisha kamera kubwa asiione mita yake ya mwanga. Akaukumbuka ung'avu wa mwezi, akakisia mengine yote kutoka hapo. Alipogeuza bamba ili apige la pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba ya makaburi ya kijiji. Mwezi wake ulikuwa bado siku chache ujae. Tarehe yenyewe ilikuja kujulikana baadaye kwa hesabu: mwaka 1991 mwanaastronomia Dennis di Cicco aliitafuta kutoka mahali mwezi ulipo kwenye picha na kufikia hadi dakika. Mwezi wa kubandika haujibu swali kama hilo. Na Adams huyohuyo, kadiri miaka ilivyopita, aliitia anga giza zaidi na zaidi alipoichapa picha ile. Mimi sina neno na hilo. Kulipima giza na mwanga ni haki ya mchapaji. Kuhamisha mwezi si haki ya mtu yeyote. Hata kuunganisha picha mbili zilizopigwa dakika moja, kamera haijasogezwa, moja kwa ajili ya mwezi na nyingine kwa ajili ya mlima, naikubali mradi ielezwe.

Ukali wa picha ninauweka mwisho, ingawa wanaouza kamera huuweka mwanzo. Kwa lenzi ya milimita 400, shata ikikaa wazi sekunde nzima, mwezi unasogea na ukingo wake unayeyuka. Robo ya sekunde au chini inafaa zaidi. Lakini nikiletewa picha mbili, moja mwezi wake uko wazi hadi kreta ya mwisho ila mlima umekufa gizani, nyingine mwezi umelegea kidogo ila barafu ya Kibo bado ina jua, ya pili ndiyo nitakayoinunua, na nitalipa bei anayotaka mwenyewe.