Mjomba Hakunywa Maji ya Kunawa

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa kijiweni na wenzako mkisomeana hadithi, hii unaijua. Mhusika katoka kijijini, mshamba wa kutupwa. Kaalikwa dhifa kwenye hoteli kubwa mjini. Mezani visu na uma vimepangwa kama askari wa gwaride, glasi ndefu kwa fupi, hajui aanzie wapi. Anakazana na paja la kuku, paja linaruka, linatua kwenye gauni la mke wa mkurugenzi. Ukumbi mzima kicheko. Msomaji naye anatakiwa acheke, kisha twende aya inayofuata.

Hadithi za namna hii nimezisoma mpaka nimechoka. Na nisijifanye mtakatifu, ya kwangu ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka 19. Nilimtia ndani mjomba wangu. Jina nilibadilisha lakini koti lilikuwa lake. Nikampeleka harusini ukumbini, akaletewa kibakuli cha maji ya uvuguvugu chenye kipande cha limau, akayanywa yote, akamshukuru mhudumu. Nilijiona nimeua kabisa. Washikaji walicheka hadi mmoja akatoka nje kupumua.

Siku mbili baadaye mama mdogo, dada yake huyo mjomba, akaikuta ile karatasi, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Mwanangu, huyu si kaka yangu?"

Nikamwambia, hadithi tu mama, ya kubuni.

"Haya, ya kubuni. Lakini kaka yangu tangu azaliwe hajagusa chakula bila kunawa. Umwekee bakuli la maji mezani, atatia mikono. Wa kuyanywa ni nyinyi watoto wa mjini, mnaochoma chipsi kwa kijiti."

Akairudisha karatasi mahali pake, akaenda zake jikoni. Sijapata kuhakikiwa vile tena, wala kwa maneno machache vile. Hakuniambia nina dharau, ingawa nilikuwa nayo. Aliniambia sikutazama. Mtu wa kula kwa mkono ndiye hasa anayelielewa bakuli la maji kuliko wote pale ukumbini. Kichekesho changu chote kilisimama juu ya uongo, na tuliocheka, mimi na wenzangu, wote ni watu wa kula kwa mkono majumbani kwetu.

Isitoshe, hata kubuni sikubuni. Kisa cha maji ya kunawa kinatembea duniani siku nyingi. Waingereza hupenda kumsimulia Malkia Victoria: eti mgeni wake aliyanywa yale maji, wakubwa mezani wakaanza kutazamana, malkia naye akainua bakuli lake akanywa, ikabidi wote wanywe. Wengine humvika kisa hicho hicho mfalme mwingine, au malkia mwingine. Ni ngano ya kuhamahama, haina mwenyewe. Sasa tazama nilivyoiba vibaya. Nilimchukua mgeni anayekunywa, nikamwacha mwenyeji anayekunywa naye.

Ndipo nikaanza kuwatafuta waandishi wanaojua kuandika meza. Aliyenifunza zaidi ni Charles Dickens katika Great Expectations, riwaya iliyotoka kidogo kidogo gazetini kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Najua, najua. Mtauliza Mwingereza wa karne ya kumi na tisa ananihusu nini mimi wa Buguruni. Nivumilieni kidogo.

Pip ni yatima anayelelewa na dada yake, mkali kama pilipili, na shemeji yake Joe, mhunzi. Ghafla anapata mfadhili asiyejulikana, anapelekwa London akafanywe bwana mkubwa. Siku anayofika anakula na kijana mwenzake, Herbert Pocket, kwenye vyumba vya Barnard's Inn. Kabla ya kula Pip anasema wazi: mimi nimelelewa kwa mhunzi, huko shamba, mambo ya adabu za mjini siyajui, ukiniona nakosea nidokeze. Chakula kinaletwa kutoka mkahawani. Pip ana hamu kubwa ya kusikia habari za Miss Havisham, yule bibi tajiri aliyeachwa siku ya harusi yake. Herbert anaanza kusimulia. Katikati ya kisa anachomekea, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba London watu hawatii kisu kinywani, uma ndio wenye kazi hiyo. Anarudi kwenye kisa. Mbele kidogo, kijiko nacho kina namna yake ya kushikwa. Anarudi kwenye kisa. Halafu ni glasi, ambayo mtu haimalizi kwa kuibinua mpaka ukingo ukae puani. Halafu ni kitambaa cha mezani, ambacho Pip anahangaika kukishindilia ndani ya glasi bila kujua afanyalo.

Hebu irudie sura hiyo, ni ya 22, polepole, kwa jicho la fundi. Makosa yenyewe karibu yote hatuyaoni. Tunayajua kwa masahihisho tu, kwa hiyo hatupati nafasi ya kukaa pembeni na kumcheka Pip. Na anakosea kwa nini? Si ujinga. Anakosea kwa sababu masikio yake yote yako kwenye simulizi. Sisi wasomaji tuko vivyo hivyo, tunamtaka Miss Havisham, tunasukumana na hayo ya kisu na kijiko ili tufike. Herbert anamfunika mwenzake kwa hadithi. Pip anamshukuru, wanacheka pamoja, na hicho kicheko cha wawili hakifanani hata kidogo na kile cha ukumbi mzima.

Mimi ningeandika sura hiyo, paja la kuku lingeruka.

Lakini Dickens hajamaliza. Sura ya 27, Joe mhunzi anakuja London kumsalimia Pip. Vyumba ni vile vile, Herbert yule yule mezani. Aliyebadilika ni Pip: sasa uma anaujua. Joe kavaa nguo zake za Jumapili zinazombana, anamwita Pip "bwana", mtoto aliyemlea mwenyewe. Herbert anamuuliza chai au kahawa. Joe anajibu chochote kitakachompendeza mwenyeji. Kofia yake kaiweka ukingoni juu ya mahali pa moto, kila mara inadondoka, kila mara anaruka kuidaka. Uma unasimama njiani kati ya sahani na mdomo. Anaketi mbali na meza, anadondosha kingi kuliko anachokula, halafu anajifanya hakudondosha kitu.

Hapa nacheka, sikatai. Dickens anataka nicheke. Ila anayenionyesha vituko hivi vyote ni Pip mwenyewe, miaka mingi baadaye, na anakiri kwamba kosa lilikuwa lake: angekuwa mwepesi kwa Joe, Joe naye angekuwa mwepesi kwake. Kofia ile inadondoka kwa sababu ya macho ya Pip. Joe anaaga, anasema kwa lugha yake kwamba amekosea kuvaa nguo zile, amekosea kutoka kwenye kiwanda chake na jikoni kwake. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Maana msomaji anakumbuka mlo mwingine, wa Krismasi, sura ya nne, Pip akiwa bado mtoto. Kabanwa kwenye kona ya meza, kiwiko cha Mjomba Pumblechook kiko jichoni mwake, na wakubwa wanamsimanga kwa zamu: watoto hawana shukrani, watoto ni hivi, ni vile. Watu wenye heshima zao, wanajua kusali kabla ya kula. Joe hana la kusema, mkewe anamtisha hata yeye. Basi kila Pip anaposimangwa, Joe anamwongezea mchuzi. Hivyo tu. Mchuzi mpaka unafurika sahani. Sidhani nimesoma adabu ya mezani iliyoandikwa vizuri zaidi ya hiyo, na aliyeifanya ni huyo huyo tutakayemkuta baadaye akidaka kofia.

Kuna jambo la mwisho sikuliona mpaka niliposoma mara ya pili. Ni mbwa. Mwanzoni kabisa Pip anampelekea chakula mfungwa aliyetoroka, Magwitch, kule kwenye kinamasi, anamtazama anavyokibwakia, anakumbuka mbwa wao mkubwa. Sura ya nane, Estella, binti mwenye maringo, anampa Pip mkate na nyama uani, bila kumtazama, kama mbwa aliyekosa. Pip analia. Halafu sura ya 40 Magwitch amesharudi, na tumeshajua kwamba ndiye mfadhili aliyelipia kila kitu, hata huo uma. Anakula kwa kisu chake cha mfukoni, na Pip anaona nini? Mbwa mzee mwenye njaa. Hamu ya kula inamtoka. Mtoto aliyelishwa kama mbwa amekua, sasa anamtazama mtu kwa macho ya Estella. Dickens hasemi hayo. Anamrudisha mbwa tu, anatuachia.

Lakini hata Dickens ana upofu wake. Mhudumu wa mkahawa anayeleta kile chakula cha Barnard's Inn anaingia na kutoka na sahani zake, na hatumjui anawaza nini. Sisi wa huku tunao waliosimama mahali pake. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931, ameandika katika Out of Africa, kitabu cha 1937, habari za mpishi wake Kamante. Kijana huyu alipika vyakula vya Kizungu kwa ustadi mkubwa ingawa mwenyewe havikumvutia, na mapishi aliyakumbuka kwa tukio la siku alipojifunza: sosi ya siku radi ilipopiga mti, sosi ya siku farasi alipokufa. Mwaka 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alikula pale shambani, akaisifu sosi. Miezi ikapita, Kamante akamuuliza mama mwenye nyumba kama yule mtoto wa Sultani aliipenda kweli ile sosi ya nguruwe, na kama aliimaliza.

Blixen analieleza hilo kwa upole, lakini anaona ni Waafrika na kupenda kwao habari za wafalme. Mimi sikubali. Muulize mpishi yeyote, hata mama lishe wa Kariakoo: sahani ilirudi na kitu? Hilo ni swali la fundi kuhusu kazi yake. Blixen alikuwa amekaa kwenye kiti, akasikia jikoni kwa mbali. Ukitaka dhifa iliyotazamwa na aliyesimama nyuma ya viti, mtafute Toundi wa Ferdinand Oyono, riwaya ya 1956 ambayo kwa Kiswahili inaitwa Boi. Yeye ni mtumishi nyumbani kwa mkuu wa wilaya, Kamerun ya wakati wa Wafaransa. Anamimina mvinyo huku wageni wakiwasema watu wake kana kwamba hana masikio, na usiku anaandika yote daftarini. Uma wanaushika vizuri kabisa hao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi sinia letu ni la malaika na meza ya Wazungu ni ya shetani, hotuba hiyo tumeisikia mno. Sinia lina sheria zake: kula kwa mkono wa kulia, kula upande wako, usichokore nyama ya mwenzako. Na lina aibu zake. Nani hakukaziwa jicho na mama yake ugenini, mwenyeji anasema karibu mwanangu ule, na jicho la mama linasema thubutu? Unajibu nimeshiba, tumbo linanguruma mpaka mwenyeji anasikia. Hiyo peke yake ni hadithi, na sijaiona imeandikwa bado. Lakini ipo sheria moja ya sinia ambayo naipenda: mwenyeji hatoi mkono kwanza. Ameshiba zamani, anachezea tonge, anamega kidogo kidogo, ili mgeni asijione anakula peke yake. Nilipokutana na Herbert na simulizi lake la Miss Havisham, nilimfahamu mara moja. Ni mtu anayechezea tonge.

Ile hadithi yangu nimeiandika upya mara tatu. Kibakuli cha limau nimekitoa. Sasa mjomba amekaa ukumbini na koti lake, sahani ya pilau imewekwa mbele yake, na uma pembeni. Watu wameanza kula. Yeye mikono yake iko juu ya meza, imefunuliwa kidogo, anatazama kulia, anatazama kushoto, anangoja maji ya kunawa. Mimi mpwa wake nimekaa meza ya pili, pamoja na washikaji, na nimemwona. Hapo ndipo nilipofika. Mara zote tatu nimeishia hapo, kwa sababu najua siku ile sikunyanyuka.