Elimu ya ujinsia kwenye simu ya yaya

Ukitaka kujua kama huduma ya elimu ya ujinsia ya mtandaoni imebuniwa vizuri, usianze na rangi zake wala video zake. Uliza kwanza simu ni ya nani. Upande wa Karavia hapa Lubumbashi, penye hoteli kubwa kando ya ziwa na uwanja wa gofu, kuna kijana mwenye wifi ya nyumbani na simu yenye nambari ya siri. Kuna pia mtoto wa mlinzi au wa mtunza bustani ambaye simu anayoshika ni ya yaya wake, yaani kaka au dada yake mkubwa, mega za intaneti hununuliwa kidogo kidogo, na ujumbe ukiingia saa tatu usiku anayeusoma kwanza si lazima awe yule aliyeuomba. Huduma inayomfaa wa kwanza peke yake ni rahisi kuitengeneza. Kazi ni huyo wa pili.

Haja yenyewe haina ubishi. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba 27% ya wasichana wa Kongo wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Shuleni kuna somo la Éducation à la vie, lakini swali linalomkera mwanafunzi kwelikweli si lile analoweza kuliuliza huku wenzake wakimgeukia kumtazama. Ndiyo maana simu iliingia mapema katika shughuli hii, tena kabla ya intaneti.

Mwaka 2005 shirika la PSI, pamoja na Association de Santé Familiale na kampuni ya Vodacom, walifungua Ligne Verte, laini ya bure ya kuuliza mambo ya kupanga uzazi. Mradi ulikuwa unawalenga wanawake. Waliopiga, wengi wao kabisa, walikuwa wanaume. Ukitazama nani alikuwa na simu mkononi miaka ile, hutashangaa. Wapo waliosoma matokeo hayo kama shabaha iliyokosewa. Mimi naona yalifichua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amefikiria kulipima: wanaume nao walikuwa na maswali, na hawakuwa na pa kuyapeleka, maana kituo cha afya kwao ni mahali pa kina mama na watoto. Njia unayochagua ndiyo inayochagua wasikilizaji wako, hata kama karatasi ya mradi inasema vingine.

Miaka mitano baadaye, shirika ambalo leo linaitwa FHI 360 lilianza kujaribu m4RH, huduma ya ujumbe mfupi kuhusu kupanga uzazi, nchini Kenya na Tanzania. Hii inastahili kuchambuliwa polepole. Mtu alituma ujumbe mfupi kwenye nambari fulani, akarudishiwa menyu, akachagua tarakimu ya njia anayotaka kuifahamu, iwe kitanzi, kipandikizi, sindano, vidonge au kondomu, kisha akaletewa maelezo yake. Akitaka kliniki, alipewa ya kwenda. Hakuulizwa jina. Watafiti walimtumia maswali machache, kama umri na jinsia, na basi. Katika miezi 10 ya majaribio Tanzania, watumiaji 2,870 waliifikia huduma na kuuliza mara 4,813 kuhusu njia mbalimbali.

Uamuzi mkubwa wa wabunifu wale ulikuwa kwamba anayeanza mazungumzo ni mtumiaji. Mfumo haukumtumia mtu nasaha za kila Jumatatu asubuhi. Kwa mwenye simu ya pamoja hiyo ndiyo tofauti kati ya msaada na balaa: anachagua saa ya kuuliza, anasoma, anafuta, anairudisha simu. Nimeona miradi mingi ikijisifu kwa idadi ya ujumbe iliyotuma. Kwa elimu ya aina hii idadi hiyo ingenitia hofu kwanza.

Kuna jambo jingine dogo, la kiufundi kabisa, ambalo kwa Lubumbashi lina uzito. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya alama 160, lakini kwa orodha maalumu ya herufi tu. Orodha hiyo ina é na è, haina ê wala ç ndogo. Ukiandika kwa Kifaransa ukaweka même au reçois, simu hubadili mpangilio wa ujumbe wote na nafasi inashuka hadi alama 70. Maelezo yaliyotosha ujumbe mmoja yanakuwa matatu, gharama inapanda, na kwenye simu ya zamani vipande vinaweza kufika bila mpangilio. Kiswahili hakina shida hiyo. Jaribu huu, nilioutunga kwa mfano: “Kondomu huzuia mimba na magonjwa ya zinaa. Tumia mpya kila tendo. Angalia tarehe ya mwisho. Haihitaji daktari. Kwa kituo kilicho karibu, jibu 00.” Ukihesabu na nafasi zake haufiki 150. Kila sentensi inajibu swali au inaagiza tendo; hakuna “ewe kijana” wala onyo la jumla, kwa sababu hapana pa kuviweka. Nafasi finyu ilimlazimisha mwandishi aache kuhubiri, na tovuti zenye nafasi isiyo na mwisho zimelisahau hilo.

Hata hivyo ujumbe wa maandishi hubaki kwenye sanduku mpaka ufutwe. Sauti haibaki. Ndipo huduma ya kampuni ya Viamo kwa nambari 42502 ya Vodacom inapopendeza kwa mbunifu: mtu anapiga kwa simu yoyote, anachagua lugha, Kiswahili kikiwemo, anasikiliza maelezo yaliyorekodiwa. Nambari hiyohiyo hutoa habari na mambo mengine mengi. Yaya akikagua simu atakuta 42502, na 42502 haisemi kitu. Huwezi kusema hivyo kuhusu programu yenye picha ya moyo mwekundu iliyokaa katikati ya skrini. Ubaya wa sauti ni kwamba huwezi kuruka hadi sehemu unayoitaka, na chumba chenye watu watano hakina pembe ya kusikilizia. Kila njia inavuja mahali pake.

Kuficha maarifa ya namna hii mbele ya macho ya watu, ukanda huu wa shaba ulikujua zamani. Kwa Wabemba, kazi ya kumfunda msichana ilikuwa ya nachimbusa, kama pwani ilivyokuwa ya somo na kungwi katika unyago. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alishuhudia chisungu, yaani sherehe ya kumfunda msichana, upande wa Zambia ya leo mwaka 1931, akatoa kitabu chake mwaka 1956, na humo alieleza mbusa, yaani vinyago vya udongo na michoro ya ukutani, kila kimoja na wimbo wake. Asiyefundwa anaona chungu au nyoka. Maana iko kwenye wimbo, na wimbo uko kwa waliofundwa. Sitaki kuupamba utaratibu ule. Sehemu yake ilimfundisha msichana kunyenyekea kuliko kujijua. Lakini kama ufundi wa kubuni, kutenganisha chombo kinachoonekana na maana inayoshikwa na mhusika peke yake, sijaona programu iliyofanya vizuri zaidi. Na haukuona haya kusema kwamba tendo lina raha. Miradi ya afya ilikaa miaka mingi ikizungumza mimba na maradhi tu, mpaka tovuti za Love Matters za RNW Media na wenzao wakaanza kuandika mapenzi kama vijana wanavyoyauliza. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa katika PLOS ONE mwaka 2022 uliona kwamba mafunzo yanayogusa raha huongeza matumizi ya kondomu.

Sasa tufike panapouma. Nchini Kenya m4RH ilipimwa kwa jaribio lililowagawa watu kwa bahati nasibu: zaidi ya watumiaji 13,000 wapya, baadhi wakafunguliwa huduma yote, wengine sehemu yake tu. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Alama za ujuzi zilipanda kwa 14%. Katika kutumia njia za kuzuia mimba hapakuonekana tofauti ya kutegemewa.

Wengine wakasema basi simu haisaidii. Nasema simu ilifanya yote ambayo simu inaweza kufanya. Aliyejua kipandikizi ni nini bado alitakiwa apate nauli, apite mbele ya benchi la majirani, amkute muuguzi asiyeuliza “mama yako anajua?”. Nchini Rwanda, shirika la YLabs lilipobuni CyberRwanda, pembeni ya hadithi za katuni na majibu ya maswali liliweka sehemu ya kuagiza bidhaa na kuzifuata famasi, na jaribio lake likapangwa katika shule 60. Huko angalau mchoro wa kazi ulivuka skrini ukafika kaunta.

Kwa Karavia ningeanzia kaunta hiyo nirudi nyuma. Kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa programu, vijana waende kama wateja wa kawaida kwenye vituo na famasi zitakazotajwa, waone bei, saa, dawa zilizopo na lugha ya anayewapokea, na warudi tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu wauguzi huhamishwa. Kituo kinachomfukuza binti wa miaka 16 kitoke kwenye orodha siku hiyohiyo. Orodha ya namna hiyo hula fedha kuliko programu, haina uzinduzi wala picha ya wakubwa wakikata utepe, na katika bajeti huwa ndiyo mstari wa kwanza kufutwa.